Mabingobingo kwa majitaka? Yanafaa, ila angalia maji

Ndugu uliyeuliza kama mabingobingo (nyasi za malisho) yaliyomwagiliwa majitaka yanafaa kwa ng'ombe wa maziwa: yanafaa, ila usichote majitaka mabichi kutoka bomba la majitaka. Chota kwenye bwawa la mwisho la kusafishia majitaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 1989 ulitaka maji ya kumwagilia malisho yakae bwawani siku 8–10, na lita moja isizidi yai 1 la minyoo. Hofu kubwa ni tegu: mayai yake yaliyo kwenye kinyesi cha watu humwingia ng'ombe, kisha nyama isiyoiva vizuri inakurudishia mwenyewe. Acha kumwagilia wiki mbili kabla ya kukata, anika, lisha bandani. Kuchungia humo, hapana. Na kama kiwanda cha ngozi kinamwaga taka kwenye majitaka hayo, achana nayo. Kromu, metali ya kulainishia ngozi, haifi juani.