Bilingi ya hospitali ukiwa nyumbani: kabla hujamlipa mtu, nisikilize

Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa Dallas aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimechoka na shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee. Kuna watu wanauza kozi ya bilingi, ile kazi ya kudai malipo ya daktari kwenye bima, kwa dola 3,000, na ukimaliza wanakupa orodha ya madaktari wanaotafuta mtu wa kuwadaia bima. Nilipe?"

Marahaba mdogo wangu. Usilipe.

Orodha za namna hiyo nimeziona. Ni majina ya madaktari yaliyookotwa mtandaoni, na ukiwapigia wengi wanashangaa umepata wapi habari kwamba wanatafuta mtu. FTC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda walaji, limeonya watu kwa miaka mingi kuhusu wauzaji wa "biashara ya bilingi", na baadhi yao limewafikisha mahakamani. Bado sisi wabeba boksi tunaendelea kuwapelekea hela, maana wanajua tunachotaka kusikia: utakaa nyumbani, watoto wako karibu, huna bosi.

Kazi yenyewe iko hivi. Mgonjwa akishaonwa, ugonjwa wake unaandikwa kwa msimbo wa ICD-10 (shinikizo la damu ni I10) na huduma aliyopewa kwa msimbo wa CPT. Vyote vinaingia kwenye fomu ya CMS-1500, vinapitia kampuni ya kati inayokagua makosa, ndipo vinafika bima. Kozi nyingi zinaishia hapo, na hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Siku yangu mimi inaishia kwenye simu. Bima imekataa dai, nasikiliza muziki wao wa kusubiri huku napika maharage, na akija mtu anasema kuna karatasi haikufika. Ninayo risiti kwamba ilifika. Tunaanza upya. Mtu asiyejua kung'ang'ania bila kutukana hii kazi itamshinda, hata awe na vyeti ukuta mzima.

Mimi kazi hii nilijifunza kwenye dawati la mapokezi la kliniki moja, baada ya miaka ya kuogesha wazee usiku. Nilikaa karibu na mama aliyekuwa akishughulikia madai, namletea chai, naangalia. Baadaye nikafanya mtihani wa CPC, cheti cha kuandika misimbo kinachotolewa na AAPC, chama cha watu wa kazi hii: maswali 100 kwa saa 4, na unaruhusiwa kuingia na vitabu vya misimbo. Ruhusa hiyo isikudanganye. Kama hujavizoea, muda utaisha bado unapekua kurasa. Nilifaulu, na nasema wazi kwamba nilijivuna, nikampigia simu kila aliyewahi kuniuliza kama nitazeeka nikibadilisha mashuka.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mtaalamu wa afya ya akili anayefanya kazi peke yake. Watu kama hao ndio wa kuanza nao, maana hawana karani na makaratasi ya bima wanayachukia. Madai yake ya msimbo 90837, yaani kikao cha kuanzia dakika 53, yalikuwa yanakataliwa ovyo. Nikagundua kwenye kumbukumbu haandiki saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Tukarekebisha, nikakata rufaa kwa yale ambayo muda wake ulithibitika kwenye ratiba yake ya miadi, hela ikaingia. Yeye ndiye aliyenitangaza kwa wenzake. Sijawahi kulipia tangazo hata moja.

Sasa niwaambie lililoniuma. Daktari mmoja, mtu wa kwetu kabisa, tulikuwa tukila pilau meza moja, alinipa kliniki yake. Baada ya muda akaanza kuniambia: hapa andika 99214, msimbo wa ziara ya kliniki unaolipa zaidi. Nasoma maelezo ya mgonjwa, naona ni 99213, ngazi ya chini yake. Nikakataa. Kuna sheria ya madai ya uongo, na anayetuma dai huku akijua si kweli naye anaweza kushtakiwa, siyo daktari peke yake. Akaniambia nalinda hela za Wamarekani kuliko ndugu zangu. Mwezi huohuo akanitoa, na hela yangu ya mwisho mpaka leo sijaiona. Kisha nikasikia kwenye sherehe ya watu kwamba eti nina maringo na kazi siijui. Sikumjibu. Lakini tangu siku ile nimejua kwamba undugu usioandikwa kwenye mkataba haulipi bili ya umeme.

Kwa hiyo, jamani, andikianeni! Mkataba wa malipo, na ule wa kulinda taarifa za wagonjwa ambao sheria ya HIPAA inautaka kabla hujaona jina la mgonjwa hata mmoja. Kompyuta ya kazi mtoto asichezee. Wengi hulipwa asilimia ya fedha zinazoingia, ila New York hairuhusu daktari kulipa hivyo, kwa hiyo soma sheria za jimbo lako kwanza. Hesabu tarehe: Medicare, bima ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, inapokea dai ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya huduma, lakini zipo bima binafsi zinazotoa siku 90 tu, na dai lililochelewa kwa kawaida huwezi kumdai mgonjwa. Tuache kupenda vya mteremko. Anayekuahidi mteja kabla hujajua kusoma barua ya bima anakuuzia usingizi.

Nikurudie mdogo wangu. Shifti usiziache bado. Hata dai safi lililotumwa kwa kompyuta, Medicare hailipi kabla ya siku ya 14, na wewe unalipwa daktari akishalipwa. Februari 2024, wadukuzi walipovamia moja ya kampuni kubwa za kupitisha madai, kliniki nyingi Marekani zilikaa wiki kadhaa bila fedha, na sisi tunaofanyia kazi nyumbani tukakaa nazo. Hapo ulipo kuna ofisi ya madai. Muombe meneja akuruhusu ukae nao siku zako za mapumziko, hata bure, na uanze na barua za kukataliwa.