Waifai imegoma kwenye Trisquel

SWALI: Nimeweka Trisquel, mfumo endeshi wa Linux wa programu huru tupu, kwenye laptopu ya mtumba. Kila kitu kinakwenda ila waifai. Haioni mtandao hata mmoja. Imekufa? — Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Haijafa, ndugu msomaji. Trisquel hutumia kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux-libre, iliyoondolewa programu za ndani ya vifaa ambazo msimbo wake umefichwa. Chipu nyingi za waifai, za Intel zikiwemo, haziamki bila hizo. Fungua dirisha la amri, andika lspci, usome jina la chipu. Ikiwa ni Intel, kubadilisha mipangilio hakutasaidia.

Tafuta kifaa cha waifai cha USB chenye chipu ya Atheros AR9271, ambayo programu yake ya ndani ni huru, yaani msimbo wake uko wazi. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa: TP-Link TL-WN722N toleo la 1 lina AR9271, lakini la 2 na la 3 yana chipu za Realtek, ambazo nazo haziamki bila programu iliyofichwa, na jina la kasha ni lilelile. Soma namba ya toleo kabla ya kulipa. Chipu hii hushika masafa ya 2.4 GHz tu, basi ruta yako iyarushe hayo.

Kwa sasa, chomeka simu kwa waya wa USB na ugawe intaneti yake. Kwa kawaida hufanya kazi papo hapo.