Ukianza kusoma kesi za Arusha, anza na mipaka ya mahakama

Wengi wanaoanza kuchunguza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, zilizosikilizwa Arusha na mahakama ya Umoja wa Mataifa (ICTR), hukimbilia hukumu ya Septemba 2, 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya. Ni hukumu kubwa kweli, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Lakini siasa hutaiona humo. Ilifanyika mapema, pale ilipoamuliwa nani anaweza kushitakiwa, na kwa matendo ya lini.

Anza na Azimio 955 la Baraza la Usalama, lililounda mahakama hiyo Novemba 8, 1994, pamoja na kumbukumbu za kikao chenyewe. Nchi 13 ziliunga mkono, China ikajizuia kupiga kura, na iliyopinga ni Rwanda, ambayo yenyewe ndiyo iliyoomba mahakama na mwaka ule ilikuwa na kiti barazani. Nakili sababu zake. Ililalamikia kukosekana kwa adhabu ya kifo, na muda uliofungwa kati ya Januari 1 na Desemba 31, 1994, hali matayarisho ya mauaji yalianza kabla. Sasa uitazame mipaka hiyohiyo kwa upande wa pili: iliruhusu pia kuchunguza tuhuma dhidi ya askari wa RPF, kundi la waasi lililoshinda vita na kushika serikali ya Rwanda. Walioshitakiwa walikuwa 93, na hakuna hata mmoja wa RPF. Pengo hilo ndilo la kulifanyia kazi.

Kisha chora jedwali la safu mbili, maamuzi ya mahakama huku na hatua za serikali kule, kwa tarehe. Novemba 3, 1999, Jopo la Rufaa liliamuru mshitakiwa Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa waanzilishi wa redio iliyochochea mauaji, aachiwe kwa kuwa haki zake zilivunjwa alipowekwa kizuizini muda mrefu. Rwanda ikasitisha ushirikiano. Machi 31, 2000, amri ikabadilishwa. Mwanafunzi huandika "shinikizo" na kufunga daftari; hilo ni kosa. Majaji walisema wamepata ushahidi mpya, basi soma maamuzi yote mawili, upime kama ushahidi huo unatosha kubeba mabadiliko yale.

Fanya vivyo hivyo na mwaka 2003. Azimio 1503 la Baraza la Usalama lilimwondoa mwendesha mashtaka Carla Del Ponte kwenye faili za Rwanda, na Hassan Jallow akashika nafasi. Maelezo rasmi ni kwamba mahakama mbili, ya Rwanda na ya Yugoslavia ya zamani, zilimzidi mwendesha mashtaka mmoja. Del Ponte alisema chanzo ni uchunguzi wake dhidi ya RPF. Weka kauli zote mbili, kwani tarehe kufuatana haithibitishi chanzo.

Usiishie kwenye hukumu. Walioonekana hawana hatia na kuachiwa huru walikuwa 14, na baadhi yao walikaa Arusha miaka mingi bila nchi ya kuwapokea. Desemba 2021 watu wanane, walioonekana hawana hatia na waliomaliza vifungo, walipelekwa Niger. Kabla mwezi haujaisha Niger ikaamuru waondoke.