Jeni za kinga zina mamilioni ya miaka, mama wa mitokondria ana laki mbili, tumwamini nani?

Swali: Nasoma kwamba mitokondria (vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli) za watu wote zinarudi kwa mama mmoja aliyeishi Afrika kama miaka 200,000 iliyopita. Sasa inakuwaje baadhi ya jeni zetu za kinga zifanane na za sokwe kuliko za binadamu mwenzangu?

Jibu: Zote mbili ni kweli, ila kila moja inasimulia habari yake. Mitokondria unarithi kwa mama tu, kwaiyo mwanamke akizaa wavulana watupu mstari wake unakatikia hapo hapo, na ukirudi nyuma sana lazima uishie kwa mama mmoja. Lakini hakuwa peke yake jamani! Walikuwepo wenzake maelfu na jeni zao zingine tunazo mpaka leo.

Sasa hizi za kinga, HLA, zipo kromosomu namba 6. Zinatengeneza protini inayokaa juu ya seli kama kiganja, kinashika kipande cha kimelea na kuzionyesha seli nyeupe, adui huyu hapa. Mwenye viganja vya aina mbili anashika vipande vingi kuliko mwenye aina moja, alafu aina iliyo adimu vimelea vinakuwa havijaizoea, yani magonjwa yenyewe ndo yanalinda utofauti usipotee. Ndo maana DRB1, moja ya jeni hizo za HLA, ina koo zilizokuwepo kabla hatujaachana na sokwe, miaka milioni 6 hivi au zaidi.

Mwaka 1995 mwanabiolojia Francisco Ayala alitumia DRB1 kuonyesha kwamba hatukuwahi kubaki watu wachache kabisa, na hoja ya msingi mi naiona nzito: watu wawili wanabeba aina 4 tu za jeni moja, basi. Ila makadirio yake yalikuwa makubwa, kama watu 100,000. Mwaka 1998 kundi la watafiti la Bergström likasoma introni, kile kipande cha pembeni kisichotengeneza kiganja, wakakuta aina nyingi ni changa, wastani kama miaka 250,000, na idadi ya wazazi inayoendana nayo ni kama 10,000. Koo ni za kale ila aina zenyewe nyingi za juzi, kwa sababu sehemu ya kiganja, eksoni ya 2, inaazimana vipande na mabadiliko yanayosaidia yanabakizwa, kwaiyo ukiihesabia umri inaonekana mzee kuliko ilivyo.

Kwaiyo ukikutana tena na mti wa ukoo wa HLA, kabla hujaangalia miaka angalia kwanza wamesoma eksoni au introni.