Joto likipanda, udongo hutoa ulichoficha

Maswali ya safari hii yote yanahusu kemikali sugu, zile zisizooza, katika udongo na hewa ya mjini.

PCB, kemikali za viwandani zenye klorini, zilipigwa marufuku zamani. Mbona bado zimo hewani, tena kiangazi ndipo zinapozidi?

Kwa sababu udongo umeziweka akiba. PCB zilitiwa kwenye mafuta ya transfoma na kwenye gundi za kuzibia nyufa za majengo; Marekani ilipiga marufuku kuzitengeneza mwaka 1979. Kwa miongo kadhaa zilivuja, zikatua ardhini na kung'ang'ania mboji, maana hazichanganyiki vizuri na maji. Jua likiuchoma udongo, sehemu ya PCB hizo hugeuka mvuke na kupanda. Hewa ikipoa, nyingine hurudi chini. Zile nyepesi, zenye atomi chache za klorini, hutangulia kuruka. Nzito hubaki zimelala palepale. Majengo ya zama hizo nayo hutoa yake kwa mtindo huohuo.

Basi wakati wa baridi tunavuta hewa safi?

Hapana, na hili linanisumbua kuliko yote. PCB hupungua kweli, lakini katika miji yenye baridi kali jamii nyingine ya kemikali, PAH, huongezeka. Hizi huzaliwa na chochote kinachoungua nusunusu: kuni, makaa ya mawe, dizeli, takataka. Watu huwasha majiko ya kupasha nyumba joto, na hewa baridi hulala chini kama sufuria iliyofunikwa, moshi usipate pa kupandia. Jua nalo, ambalo husaidia kuzivunja, huwa hafifu. Chukua kitambaa cheupe ufute kioo cha dirisha linaloelekea barabara ya malori: ule weusi unaobaki kitambaani una masizi, na ndani ya masizi PAH nzito hujishikiza, ikiwemo benzopairini inayosababisha saratani. Tunavuta hicho hicho.

Je, mvua haiziondoi?

Huziondoa hewani, ikazishusha ardhini na kwenye mitaro. Theluji hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe hulimbikiza kwa wiki au miezi, kisha ikiyeyuka humwaga mzigo wote kwa siku chache.

Udongo wa uwanja wetu ulipimwa mara moja, tukaambiwa ni salama. Inatosha?

Kwa udongo, msimu si hoja kubwa, kwani hubadilika polepole. Ulizeni waliuchota wapi, kina gani, na sampuli ngapi. Udongo wa ukingoni mwa barabara na ule wa katikati ya uwanja huweza kutofautiana mno, na anayechota kwa kina sana huchanganya udongo wa chini na wa tabaka la juu, ambalo ndilo watoto hulishika, kipimo kikaonekana kidogo kuliko hali halisi.

Hewa ni habari nyingine. Kifaa kinachotumika sana ni kisahani cha sponji kilichowekwa kati ya mabakuli mawili ya chuma yaliyofunikiana, kikaachwa nje miezi 3 hivi, kisha kikabadilishwa. Ripoti iliyopima kiangazi pekee isikubaliwe kuwa picha ya mwaka mzima. Kwa PAH itakuwa imekosa kipindi kibaya kuliko vyote.

Zitaisha lini?

Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sugu, uliopitishwa 2001 na kuanza kutumika 2004, ulianza na kemikali 12, PCB zikiwemo. Nchi wanachama zilitakiwa kuacha kutumia vifaa vyenye PCB ifikapo 2025, na zishughulikie taka zake ifikapo 2028. Zilizokwisha kuingia udongoni hazina tarehe: zile nzito huchukua miongo kuvunjika. Kwa hiyo transfoma kuukuu inayovuja iondolewe sasa.

Watoto wangu hucheza kwenye udongo. Nifanyeje?

Waache wacheze, ila wanawe mikono kabla ya kula. Panda nyasi palipo wazi. Usichome plastiki, hasa PVC, maana moshi wake hubeba dioksini, kemikali sugu zenye sumu kali. Nyumbani futa vumbi kwa kitambaa kibichi, viatu vibaki mlangoni, na mkeka ukung'utiwe nje, mbali na madirisha.