Saratani ya tezi ya shingo: kupasuliwa kwa njia ya wazi au kwa kamera?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama dada yako, aliyekutwa na saratani ya papilari (mojawapo ya aina za saratani ya thairoidi) ya sentimita 1.5 upande mmoja wa tezi ya thairoidi, apasuliwe hapa nchini kwa njia ya wazi au mchange fedha aende India akafanyiwe kwa kamera inayoingizwa kupitia matundu madogo, kwa kuwa mmeambiwa njia hiyo haina madhara. Mimi niliondolewa tezi yote kwa njia ya wazi kwa saratani ya aina hiyo hiyo, baada ya kuwasikiliza madaktari wa pande zote mbili.

Hilo la kutokuwa na madhara si kweli. Kwenye mfuko wa nyongo, matundu madogo humwepusha mgonjwa na mkato mkubwa wa tumbo, lakini thairoidi iko karibu na ngozi, na mkato wa sentimita chache chini ya shingo huifikia moja kwa moja. Anayeingilia kwapani au ndani ya mdomo wa chini hulazimika kutenganisha ngozi na nyama kwa umbali mrefu zaidi ili aifikie tezi ile ile, ndiyo maana operesheni huchukua muda mrefu, na baadhi ya wagonjwa hubaki na ganzi kifuani au kidevuni. Neva za sauti zinapita palepale, na zile tezi ndogo nne zinazosimamia kalsiamu ziko palepale. Vidole na midomo iliyonichonyota baada ya upasuaji, kalsiamu iliposhuka, ingeweza kunipata kwa njia yoyote.

Faida ya kamera ni kovu kutoonekana shingoni, nami sioni sababu ya kuidharau, hasa kama ukoo wenu una watu wanaoota makovu yanayovimba. Njia ya mdomoni, iliyopata umaarufu kutokana na kazi ya madaktari wa Thailand, haiachi kovu lolote kwenye ngozi. Hata hivyo, ultrasaundi ikionyesha kwamba ugonjwa umetoka nje ya tezi au umefika kwenye tezi za limfu za ubavuni mwa shingo, madaktari wengi watachagua njia ya wazi, kwa hiyo kipimo hicho kitangulie michango.

Swali zito kuliko la kamera ni hili: je, aondolewe tezi yote au nusu? Miongozo ya Marekani ya mwaka 2015 iliruhusu kuondoa upande mmoja tu kwa uvimbe wa sentimita 1 hadi 4 ambao haujatoka nje ya tezi wala kuenea. Akibakiwa na nusu, huenda asihitaji vidonge vya homoni maisha yake yote kama mimi, na hatari ya kalsiamu kushuka hupungua sana. Muulizeni pia daktari mwenyewe hufanya operesheni ngapi za thairoidi kwa mwaka, na wangapi walibadilika sauti. Akikereka, tafuteni mwingine.

Mkiamua India, arudi na ripoti ya upasuaji na ya patholojia (uchunguzi wa maabara wa nyama iliyoondolewa), kwa sababu atakayemfuatilia huku atahitaji kujua ni kiasi gani cha tezi kilichobaki na kama tezi za limfu ziliguswa.