Swichi ya AC haimalizi gesi

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina Corolla ya 1996 niliyoachiwa na kaka yangu. AC yake inapoa nikiwa naenda, lakini nikikwama foleni ya feri Likoni inatoa hewa vuguvugu. Fundi wa mtaani ameongeza gesi mara tatu tangu Januari. Ameniambia swichi ya rangi niiweke katikati ya bluu na nyekundu ili gesi isiishe upesi, na kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojikunja ndani nisikiguse, kitaninyima hewa. Je, ni kweli? – Msomaji, Mtongwe

JIBU: Waaleikum salaam dada. Hili la kuweka swichi katikati nimelisikia mpaka nimechoka. Wanaokuja nalo ni watu wazima, wamesoma, na kila mmoja ameambiwa na fundi wake.

Swichi ya bluu na nyekundu haina habari na gesi. Kwenye magari mengi ya Japani ya enzi hiyo imefungwa waya wa chuma unaovuta kilango nyuma ya dashibodi. Hewa inayosukumwa na feni hupita kwanza kwenye koili ya baridi. Ikishapoa, kile kilango ndicho huamua kiasi gani kipitie pia kwenye rejeta ndogo ya hita, ambayo ndani yake mna maji ya moto ya injini. Ukiifikisha mwisho wa bluu, hita imefungiwa nje. Ukiiacha katikati, baridi uliyoichomea mafuta inapashwa moto tena kabla haijakufikia usoni. Kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, haipumziki hata kidogo kwa ajili ya huo ukatikati wako. Ni sawa na kununua barafu soko la Kongowea ukaiweka juu ya jiko ili isiyeyuke haraka. Kinachoizima na kuiwasha kompresa ni kihisi kilicho kwenye koili, kinachoikata baridi inapokaribia kugandisha maji. Kile kishindo kidogo unachokisikia mbele, tak, kisha baada ya muda tak tena, ndicho hicho.

Kwa hiyo bluu, mpaka mwisho, Mombasa hii, mwaka mzima. Ukiona baridi imezidi, punguza feni.

Jaribio dogo kabla hujamlipa mtu: injini ikishapata moto, zima AC, acha feni namba mbili, swichi iwe mwisho wa bluu. Hewa itakayotoka ilingane na ya nje. Ikiwa ni ya moto kuliko ya nje, basi ule waya umelegea au umekatika na hita inaingiza joto lake kwa siri. Gesi ya mji mzima haitakusaidia hapo. Wako wanaoziba kabisa mipira ya maji ya hita, na kwa pwani hii siwalaumu.

Kitufe cha mshale unaojikunja, kibonyeze. Kinafunga hewa ya nje na kuizungusha ya ndani, ambayo tayari imepoa na kukaushwa. Hewa yetu ina maji mengi, na AC ikilazimishwa kuingiza ya nje kila dakika, nguvu yake kubwa inaishia kukamua unyevu badala ya kupoza. Yale matone chini ya gari ukiegesha ndiyo huo unyevu, wala si uvujaji. Kukosa pumzi sahau, gari la 1996 lina nyufa za kutosha. Mkiwa wengi na safari ni ndefu, fungulia ya nje dakika chache usije ukasinzia. Na gari likiwa limekaa juani, teremsha vioo kwanza joto litoke.

Sasa Likoni. Gari likienda, upepo wa barabarani unapoza kondensa, ile koili ya kutolea joto la gesi iliyo mbele ya rejeta. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni ya umeme iliyo huko mbele. AC inayopoa mwendoni na kushindwa foleni, mimi huanza na feni hiyo, nikaangalia kama inazunguka AC ikiwashwa, kisha mapezi ya kondensa yenyewe, maana chumvi ya bahari huyala na vumbi huyaziba. Gesi huja baadaye.

Lakini wewe umeongezewa mara tatu tangu Januari! Gesi ya AC haiungui kama petroli. Inazunguka humo humo, inakuwa maji, inakuwa hewa, inarudi. Friji ya nyumbani kwenu imejazwa mara ngapi? Kweli, gari lina mipira na sili ya kompresa, litapoteza kidogo kwa miaka. Kwa miezi, hapana. Hapo pana tundu, na anayeongeza bila kulitafuta anakufanya shamba lake la kuvuna kila msimu.

Huenda pia amekujazia kupita kiasi. Gari dogo kama lako huchukua gramu 500 hadi 700 hivi za R134a, yaani hiyo gesi ya AC. Kiasi chenyewe kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Ikizidi, presha hupanda, kompresa huteseka, na baridi hupungua, hasa umesimama.

Kazi ya kweli ina mpangilio: geji mbili za kupima presha, naitrojeni na povu la sabuni kutafuta tundu, kuziba, kubadilisha draya (kichujio kinachonyonya unyevu), kisha pampu ya vakyumu ya kufyonza hewa na unyevu nusu saa au zaidi ndipo gesi iingie kwa mizani. Vakyumu si mapambo. Unyevu ukibaki kwenye bomba huganda kwenye vali na hutengeneza asidi inayokula chuma ndani kwa ndani. Sijui ni mji gani mtu angeiruka hatua hii, ila huu wetu sio.

Na wapo wabaya zaidi, wanaojaza gesi ya kupikia. Baridi inakuja, tena kali, mteja anafurahi na bei ni ndogo. Koili ya baridi iko ndani ya gari, nyuma ya dashibodi, karibu na magoti yako. Ikitoboka umefunga vioo, umeketi ndani ya mtungi, na kinachosubiriwa ni cheche moja ya swichi au sigara ya abiria. Gari likiwahi kutoa harufu ya gesi ya jikoni kwenye matundu ya hewa, teremsha vioo, zima injini, shuka, na usimrudishie aliyekujazia.